Chupa Moja ya Damu Yangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali leo. Wanaoshikashika masweta kibandani kwangu ni wengi, wanaonunua hawaonekani.

Benigna amerudi kliniki na maagizo. Nesi Halima anataka nitafute watu wawili wa kuchangia damu kabla mke wangu hajajifungua, kwa sababu alipomzaa Leo, mtoto wetu wa kwanza, alivuja mpaka godoro likatupwa. Mtu wa kwanza, nesi amesema, ni mume. Mimi na Benigna tulipimwa zamani, kundi letu ni moja, O.

Sikupenda hilo la mtu wa kwanza. Nimemwuliza Benigna kama safari hii hawezi kujitahidi asivuje. Amekunja kadi ya kliniki akaiweka mkobani.

Halafu amesema damu yake imepimwa, ni nane. Nane! Nimempongeza. Mimi shuleni nane juu ya kumi niliipata mara moja tu, tena kwenye kufuma mikeka. Amesema nesi hakufurahi. Manesi hawaridhiki na kitu.

Wilfred, fundi cherehani wa nyumba ya pili, amejitolea kabla hata sijamwomba. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Bombambili, na ana kadi ya mchangia damu ambayo haikosi mfukoni mwake, kundi O kama sisi. Amechangia mara kumi na moja. Najua, kwa sababu ameniambia mara kumi na mbili. Keshokutwa tunakwenda pamoja. Nimesema sawa. Sikuona pa kuponyokea.

Jumatano, 4 Juni

Nimefika. Hilo liandikwe kwanza. Nimefika, nimepimwa uzito, nimepimwa presha, nimechomwa kidole. Nilipiga kelele kidogo. Mama mmoja kwenye benchi alicheka, na mtoto wake mgongoni akacheka pia, mtoto ambaye hata meno hana!

Nesi Halima amesema damu yangu ni kumi na tano, nzuri sana. Kumi na tano! Kumbe hawapimi juu ya kumi. Sikuuliza wanapima juu ya ngapi.

Wilfred alitangulia kitandani. Nilimwona kupitia mlangoni, amelala anaminya kimpira na kutabasamu, na kando yake kimashine kinaubembeleza mfuko wa plastiki huku na huku, na mfuko unajaa. Damu ni nyeusi kuliko nilivyodhani. Halafu ni nyingi. 

Nikaomba kwenda msalani. Msalani kuna mlango mwingine unaotokea nje. Sikuujenga mimi.

Nikachuchumaa ukutani, nikahema, na mpango ukaja wenyewe. Duka la dawa: plasta na pamba. Duka la pembeni: soda ya machungwa na biskuti, maana wanaochangia hupewa soda na biskuti. Nikabandika plasta kwenye mkunjo wa mkono, nikamsubiri Wilfred getini nikinywa taratibu, kwa sura ya mtu aliyepungukiwa. Alishangaa nimemaliza mapema. Nikamwambia kule nyuma kuna kitanda cha pili, na damu yangu hutoka kwa kasi. Akanishika bega akasema hongera, sasa na mimi ni mwenzao.

Benigna amelia. Amesema tangu apate mimba hii hajalala vizuri, kila akifumba macho analiona lile godoro. Sasa anajua chupa ya mumewe iko kwenye friji ya hospitali inamsubiri. Nikasema ndiyo, ipo, na jina lake limeandikwa. Hilo la jina lilitoka lenyewe mdomoni.

Wiki ijayo nitakwenda kutoa kimyakimya. Baada ya hapo uongo utakuwa umeisha wenyewe, bila kumsumbua mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Habari imefika Peramiho. Mama mkwe amekuja na basi dogo la asubuhi, kuku mkononi na ini la ng'ombe kwenye mfuko.

Tangu nioe, mimi na mama mkwe hatujawahi kukaa chumba kimoja wala kutazamana usoni. Ndivyo tulivyolelewa wote wawili. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa uani. Akitaka kunisalimia anaongea akiwa upande wa pili wa ukuta, nami naujibu ukuta. Miaka sita tumeelewana vizuri sana, mimi na ule ukuta.

Leo ukuta umenisifu! Umesema mwanamume anayemtolea mwanao damu si mkwe tena, ni mtoto wa kumzaa. Umesema kuku huyu ni wangu, supu yangu, ini langu, mtu mwingine asiguse mpaka damu irudi. Benigna alikuwa anatamani ini. Mama yake akamwambia amwachie mwenzake aliyetoa. Benigna mwenyewe akanisogezea sahani.

Nikala kwa heshima. Nilipobakiza vipande viwili Benigna alikwisha lala.

Jumapili, 8 Juni

Sikukuu ya Pentekoste. Baada ya misa Wilfred amewatangazia wanajumuiya, pale nje ya kanisa, kwamba ndugu yao Sipriani amechangia damu kwa mara ya kwanza. Makofi! Akina mama wameleta vitu nyumbani mchana kutwa: matembele, maziwa ya mgando, mayai, juisi ya rosela nyekundu mpaka inatisha. Yeyote aliyewahi kusikia kitu kinaongeza damu amekileta. Wilfred, aliyetoa siku ileile, hakupewa hata yai. Amezoeleka. Alirudi kwenye cherehani yake akipiga mluzi. Sikuona sababu ya kumpelekea yai.

Tatizo dogo. Asubuhi, kwenye kubadilisha plasta, nilikosea mkono. Aliyegundua ni Benigna peke yake. Akajishika paji la uso, akasema basi ni yeye kichwa kinamzunguka, alidhani plasta ilikuwa kushoto. Nikamwambia akapumzike.

Jumanne, 10 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kutoa kimyakimya. Nimefika getini. Nikawaza: mtu anayejulikana mji mzima kwamba ametoa, akionekana tena anatoa, watu watasemaje? Watajiuliza maswali. Nimerudi. Ni kwa ajili ya amani ya nyumba.

Halafu nimepata hofu kubwa. Benigna ana vidonge vyake vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, na mama mkwe aliagiza kupitia ukuta kwamba tugawane. Kimoja chake, kimoja changu. Asubuhi ya leo choo changu kimetoka cheusi kama lami! Nikajua nimepata adhabu. Nikatoka chooni nimeshikilia suruali, nikimwita Benigna aniitie padri. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema ndivyo vidonge vile vinavyofanya, yeye mwezi wa tatu huo.

Alikaa pale chini muda mrefu. Kicheko kilikwisha isha, yeye bado amekaa, mkono kifuani.

Jumamosi, 14 Juni

Benigna ameanza uvivu. Kutoka bombani hadi nyumbani ni hatua za kuhesabu, lakini anaitua ndoo njiani mara mbili anahema. Akisimama ghafla anashika mlango. Usiku nikimlalia mgongoni nausikia moyo wake unakwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa, na yeye amelala. Tena anakula udongo. Anaumega ukuta wa jiko la nje, anamung'unya, akidhani simwoni. Nimemwambia ukuta ule niliukandika kwa mikono yangu.

Viganja vyake ni vyeupe. Nimemwonyesha vyangu, vyekundu, nikamwambia huo ndio mfano wa mtu anayekula vizuri.

Nilijaribu kulalamika kwamba na mimi nina kizunguzungu, ili tuwe sawa. Mama mkwe aliposikia akanitumia uji wa ulezi na kigoda cha kukalia nje juani. Benigna ndiye aliyekileta kigoda.

Jumatano, 18 Juni

Kliniki tena. Damu ya Benigna imeshuka, saba haifiki. Nesi Halima amefoka. Ameuliza vidonge vinakwenda wapi. Benigna amesema huwa anavisahau. Hakunitaja. Mke mwema.

Nesi amesema uchungu ukianza tu waende hospitali, wasisubiri, na watafutwe wachangiaji wengine, kwa sababu damu ya benki haikai na jina la mtu, ile iliyotolewa huenda imeshamsaidia mgonjwa mwingine. Benigna amenisimulia huku anatabasamu. Amesema maskini nesi, hajui kuwa mume wangu aliandikisha jina.

Hapo nilitaka kumwambia. Namwandikia nani hapa kama si mimi mwenyewe, basi niseme kweli: nilitaka. Tulikuwa wawili tu, taa imewaka, anajipaka mafuta tumboni. Neno lilifika kwenye meno. Nikasikia mama mkwe anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nikamwazia anavyowaambia wenzake kule Peramiho habari za mkwe wake. Nikalimeza.

Kesho nitamwambia Wilfred atafute wengine. Yeye anajua watu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesahau kumwambia Wilfred. Kulikuwa na mnada wa mitumba.

Jumapili, 22 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nikikaa bila kuandika nitapiga kelele.

Uchungu ulianza asubuhi. Tulipanda bajaji, Benigna na mama yake nyuma, mimi mbele na dereva, uso nimeugeuzia barabara kama inavyotakiwa. Saa tisa mchana amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, analia kwa hasira. Nilicheka peke yangu ukutani kama mwehu.

Halafu damu ikakataa kukata.

Sijui ni nyingi kiasi gani. Nimeona mashuka yanatolewa. Wamemwekea iliyokuwepo ya kundi lake, mifuko miwili. Mojawapo labda ni ya Wilfred, na hata pale, Mungu anisamehe, hilo lilinikera. Haikutosha. Wakamtoa kwenye kitanda cha magurudumu kumpeleka chumba cha upasuaji, nikapata kumwona. Uso rangi ya jivu. Midomo huioni inapoanzia. Anahema harakaharaka, jasho linamtoka na mwili wa baridi, anaomba maji, maji, maji. Aliponiona akatulia. Akamwambia Nesi Halima: "Niwekeeni ile ya mume wangu."

Nesi akanitazama.

Kitanda kilipopita akarudi kwangu. Akaniuliza nilitoa lini. Nikasema tarehe nne. Akaniuliza kadi iko wapi. Nikasema nyumbani. Akasema mwanamume akishatoa lazima apumzike miezi mitatu. Halafu akashusha sauti, akasema zamu ya tarehe nne ilikuwa yake, na kama kuna mtu hakutoa, muda bado upo, aseme tu, hakuna atakayemwuliza kitu. Dharau iliyoje, kumsemesha mtu hivyo mbele ya wagonjwa!

Lakini nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

Ndipo mama mkwe akaja. Hakuja ukutani. Alikuja kwangu, moja kwa moja, akasimama mbele yangu na kunitazama usoni. Miaka sita sijawahi kuyaona macho yake. Ni macho ya Benigna. Yeye alitaka kutoa damu, wamemkataa kwa sababu ya umri. Akanishika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake miwili, akasema: "Baba, wewe umeshatoa. Usiongeze. Nikiwakosa wote wawili, hawa watoto nitawapeleka wapi?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Mkwe amevunja mwiko kuja kunikataza mimi. Ningempinga kwa mdomo gani? Nesi akaondoka.

Wilfred alifika anakimbia, sindano za kushonea bado zimechomekwa kwenye kola. Amekunja mkono wa shati tangu mlangoni. Nesi akaikataa kadi yake, hata wiki tatu hazijaisha tangu atoe. Akabembeleza. Akasema atasaini chochote, wamtoe hivyohivyo. Wakakataa. Akatoka mbio kwenda kijiwe cha bodaboda, akarudi na vijana wawili asiowajua hata majina. Mmoja amekutwa kundi lingine. Mwingine wamemlaza, damu yake bado inapimwa.

Mimi nimekaa. Mtu amenipa chai, kwa sababu nimetoa damu.

Jumatatu, 23 Juni

Benigna amefariki alfajiri. Chupa ya yule kijana ilikuwa imetundikwa, haijafika nusu.

Daktari amesema wanawake wengi hupoteza damu kiasi kile na wanarudi nyumbani. Huyu alikuja na kidogo. Hakuwa na ya kupoteza.

Nimewaza habari za vidonge. Nimeacha kuwaza.

Nimelia hadi nikatapika. Nampenda. Naandika nampenda, sijui niandike vipi tena. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na alicheka nikitoka chooni.

Alhamisi, 26 Juni

Tumemzika Peramiho, kwao.

Watu wengi sana. Mama mkwe amelia kwa maneno, kama wanavyolia kwetu, akimweleza marehemu mambo yake yote tangu utoto, na katikati akafika kwangu. Akamwambia mwanawe aende salama, kwani mume alimpa mpaka damu yake ya mwilini, ni Mungu tu aliyekataa. Wanawake wote wakaitikia. Wazee wakaja mmojammoja kunishika mkono. Nilikuwa natetemeka. Wakasema ni upungufu wa damu, wakaniletea kiti.

Wilfred alichimba kaburi tangu usiku, hakutaka kupokewa jembe. Baada ya mazishi alinivuta pembeni nyuma ya jiko, macho yamemvimba. Akasema hawezi kulala. Akasema kosa ni lake. Angejizuia kutoa tarehe nne, angengoja tu, Jumapili ile angekuwa na damu ya kumpa Mama Leo pale pale. Alijisifu na kadi yake akasahau kufikiri. Akapiga magoti kwenye majivu, mwanamume mzima, akaniomba msamaha.

Nikamwinua. Nikampangusa majivu magotini.

Nikamsamehe.

Jumamosi, 5 Julai

Leo jumuiya imesali nyumbani kwangu. Mtoto yuko Peramiho kwa bibi yake pamoja na Leo, anapata maziwa na ameongezeka. Mama mkwe hapitii ukutani tena. Ananipigia simu kabisa na kuniita mwanangu.

Wilfred amejiuzulu uenyekiti. Amesema moyo wake hauko sawa kuongoza watu. Wamenichagua mimi, wote, hakuna aliyepinga. Nilikataa kwanza, kidogo tu, halafu nikakubali.

Kuna jingine. Jumapili ijayo kutakuwa na zoezi la kuchangia damu pale uwanja wa kanisa, na wanaomba mimi nitoe ushuhuda kabla watu hawajajipanga. Mtu aliyetoa damu na bado akafiwa, anayewahimiza wengine: wanasema hakuna maneno yatakayogusa zaidi. Ni kweli. Nimeanza kuyaandaa. Nitaanza na lile godoro, nitatulia kidogo, nitamalizia na macho ya mama mkwe. Nitavaa shati jeupe la mikono mirefu.

Mama mmoja, mdomo mrefu, ameuliza mbona nisiwe wa kwanza kulala kitandani, niwe mfano. Nimemwambia ningetoa hata sasa hivi, hapa sebuleni, ila miezi mitatu haijatimia. Wote wakaguna kwa huruma. Baada ya wao kuondoka nimeangalia kalenda. Inatimia mwanzoni mwa Septemba, na hawa watu hawasahau.

Septemba basi nitakuwa na safari. Nimeamua niende Nakapanya, nikapange barabarani masweta yaliyobaki, nikae huko mwezi mzima. Benigna angeniuliza ni nani anavaa sweta Nakapanya kwenye jua lile. Nimekaa kitandani nikisubiri aulize.